Nanii Anatafutwa na Mume Wake

"Usinishike na mkono huo. Mkono huo bado una joto la mke wa mwenzio."

Mume akauangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana, kisha akaufuta kwenye suruali iliyolowa chepechepe, jambo ambalo halikuusaidia mkono wala suruali. Akasema tulia basi, yule mama nilimshika kwa bahati mbaya. Mke akamwambia bahati mbaya anaijua yeye: mtu anashika, anashtuka, anaachia. Lakini kushika, ukatembea naye jumba zima, mkapita mifupa, mkapita majeneza, mkatokea nje vidole vimesukana kama ukili, hiyo ina jina lingine.

"Kulikuwa na giza, Nanii."

"Na nje pia kulikuwa na giza?"

"Nje kulikuwa na mvua."

Walikuwa wamekaa kwenye chumba cha watu waliopotea, katika bustani ya starehe ambayo binti yao aliwapeleka kupumzika. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, paa la bati, ukuta umechorwa samaki wanaocheka. Kulikuwa na benchi la kimo cha watoto, ambalo lilimfanya mume apandishe magoti hadi karibu na masikio. Kulikuwa na kreti la viatu vya watoto, vyote vya mguu mmoja mmoja, na mwanasesere asiye na jicho, na mwavuli ambao mwenyewe, kwa mvua ile, lazima alikuwa anajuta popote alipo. Na juu ya meza kulikuwa na kipaza sauti chenye shingo ndefu, chini yake kisanduku, na kwenye kisanduku taa nyekundu ndogo kama jicho la kuku. Ile taa ilikuwa inawaka. Mke aliiona akadhani ni urembo. Mume aliiona akadhani ni ya kujulisha watu kwamba umeme haujakatika. Mwenye kuielewa, yule dada anayetangaza, alikuwa ametoka mbio kwenda kutuliza foleni ya wanawake huko nje, na akaufunga mlango nyuma yake ili hawa wawili wagombane kwa faragha.

Sasa, hawa wawili ni akina nani? Mume ni kinyozi. Mtaani wanamwita Wembe, kwa ajili ya kazi yake, na zaidi kwa ajili ya ulimi wake. Mtu huingia kwa Wembe kupunguza ndevu, akatoka anajua ugonjwa wa jirani, bei aliyouzia kiwanja, na kwa nini shemeji yake hasemi naye. Anajua majina ya wateja wote, ya baba zao, na ya utani ambayo wenyewe walidhani yamesahaulika. Kuna mwanamume alikaa ughaibuni mpaka akarudi na lafudhi ya kigeni na kichwa kisicho na nywele hata moja. Wembe akamtazama kisogo tu, akamwambia, karibu Kikojozi, umepotea sana.

Mke ni fundi cherehani. Mkono wake ukipita kwenye kitambaa hata kitambaa chenyewe hakijui kimekatwa saa ngapi. Wanasema aliwahi kumshonea bwana harusi suti kwa kumwona mara moja tu akivuka barabara, na suti ikamkaa vizuri kuliko ngozi yake. Umbo la mtu analisoma kwa jicho, ila midomo yake imejaa pini kutwa, kwa hiyo anayoyajua huwa hayatoki.

Na hapa ndipo penye kisa. Huyu Wembe, mwenye kujua majina ya watu mpaka ya mbwa wa watu, akimwita mke wake humwita Nanii.

Si kwamba mke hana jina. Analo, tena zuri, refu kiasi, la kuitia mtu hata aliye mbali. Tatizo ni kwamba mama yake Wembe naye alikuwa na jina hilohilo, na waliishi wote nyumba moja. Mwanzoni mwa ndoa Wembe aliita jina, wakaitika wawili. Mmoja "bee" kutoka jikoni, mwingine "bee" kutoka uani, na siku zote mama ndiye aliyefika kwanza, maana alikuwa mwepesi na hakupenda kupitwa. Siku moja ghafla jina likakoma. Wembe akaanza: we Nanii, hebu niletee taulo; Nanii, chumvi hii vipi; mwambieni Nanii nimetoka. Mke akauliza kulikoni. Akaambiwa ni heshima tu kwa mama, ni kwa muda. Basi huo muda ukaingia ndani, ukavua viatu, ukakaa. Wakazaa watoto nao, wakajenga nao, mama mwenyewe akafa akazikwa, kaburi likaota nyasi zikakatwa zikaota tena, na Nanii akabaki Nanii.

Mke hakulalamika. Alikuwa na dada yake mkubwa, na dada alimwita jina lake kwa sauti ya kupasua chungu, hata kwenye simu, na hilo lilimtosha. Mwaka huu dada naye akaondoka. Walipomaliza msiba, mke akarudi kwenye meza yake ya kukatia, akashika mkasi, na mkasi ukagoma. Ndipo akajua: duniani hakubaki mtu wa kumwita. Wateja humwita Fundi. Watoto humwita Mama, wajukuu Bibi, majirani humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na yule anayekuja kusoma mita ya umeme humwita Mwenye Nyumba. Jina lake limebaki linaning'inia ndani mwake kama gauni la mteja aliyeshonewa halafu asirudi kuchukua. Alijaribu kujiita mwenyewe mbele ya kioo. Ikawa kama anamsengenya mtu.

Kwa hiyo binti yao wa mwisho, muuguzi, alipowaambia mmechoka, nendeni mkapumzike, tiketi hizi hapa, chumba cha wageni kimelipiwa, mke alipanga nguo kwenye begi na jambo moja moyoni. Safari hii, kabla ya kurudi, litamtoka jina langu. Lisipomtoka, nikifika nyumbani nabeba mto wangu, nahamia chumba cha cherehani. Na chumba cha cherehani kina nafasi ya mtu mmoja, cherehani, na vitambaa. Mume hakikumpigia hesabu.

Siku ya kwanza walilala, kwa uchovu wa njia. Siku ya pili walilala tena, kwa utamu wa siku ya kwanza. Siku ya kwenda kwenye bustani, mvua ikaamua na yenyewe iende.

Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa, kama vile huko juu kuna mtu kagombana na ndoo. Matone yalikuwa makubwa hivi kwamba mtu akipigwa na moja alikuwa anageuka kuuliza nani kanigusa. Gurudumu kubwa, ambalo Wembe alilisubiri safari nzima ili akawasimulie wateja, lilisimamishwa, na viti vyake vikajaa maji, ikawa yakizidi cha juu humwagia cha chini. Magari ya kugongana yalielea yakawa yanagongana yenyewe bila watu. Kwenye lile bwawa ambamo watu huvua bata wa plastiki ili wapate zawadi, maji yalipanda mpaka bata wakapata uhuru wao, wakaonekana wakielea njia kuu kuelekea getini kwa mstari ulionyooka kuliko wageni walivyopanga foleni wakati wa kuingia.

Getini kila mtu alikuwa amepewa koti la nailoni la manjano, lenye kofia, lililokatwa kwa mtindo wa gunia. Mke alilishika pindo akaguna. Mshono ulikuwa wa aibu. Lakini alilivaa, na wote wakalivaa, wakawa wamefanana kama vifaranga vya siku moja. Aliyetofautiana na wengine alikuwa mtu mmoja aliyevishwa ngozi ya sungura mkubwa wa rangi ya waridi, ambaye kazi yake ni kupungia watoto. Sungura alikuwa amelowa mpaka sikio moja limemlala begani, na bado alikuwa anapunga.

Kilichokuwa wazi ni Jumba la Mazimwi tu. Watu wote waliolipa kiingilio na kukataa kurudi nyumbani bure wakajisukumia humo. Wembe alitangulia kifua mbele, akimwambia mkewe asiogope, hivi ni vitu vya plastiki. Walipofika penye giza zito, mfupa wa plastiki ukashuka kwa waya ukamgusa shingoni. Nanyi mnajua, kinyozi maisha yake yote ndiye anayegusa watu shingo. Yeye mwenyewe hajawahi kuguswa. Alipiga ukelele hata mazimwi yakanyamaza kidogo, akasema:

"Nanii! Nipe mkono!"

Gizani zikajibu sauti kama nne: "Huu hapa."

Akaudaka wa karibu. Mkewe naye alikuwa amenyoosha wake, ukabaki unaelea. Akapapasa huku na huku, akashika vidole, akashukuru, akavivuta. Vikamfuata kirahisi mno. Alipotokea kwenye mwanga aliona ameshika kiganja cha mifupa mpaka kwenye kiwiko, kimekatika kwa mwenyewe, na mbele yake mume wake anatembea bega kwa bega na koti lingine la manjano, refu, wameshikana, na mume anauliza kwa upole ambao haujasikika nyumbani tangu watoto wakiwa wadogo:

"Umeogopa, Nanii?"

"Nimeogopa," likajibu lile koti bila hata kugeuka, kwa sababu naye ndivyo anavyoitwa kwake.

Kisha wakaangaliana. Ukelele walioupiga hapo ulikuwa mkubwa kuliko wote uliopigwa ndani.

Mke wa Wembe hakuwangoja. Aliuweka ule mkono wa mifupa kwenye mkoba wake, akashusha kofia ya koti mpaka kwenye nyusi, akaenda kukaa kwenye banda la chai katikati ya makoti mengine. Akaagiza chai na kipande cha keki. Moyoni akasema vizuri, sasa nimepotea. Mtu akipotea huitwa jina. Tuone.

Wembe alimtafuta. Hatuwezi kumnyima sifa hiyo. Alipita kwenye mvua huku anaita Nanii, Nanii, na kila alipoita vichwa viliinuka kila upande, vikitaka kujua vimekosa nini tena. Alipita mbele ya banda la chai, karibu kabisa, mpaka maji ya koti lake yakarukia kikombe cha mkewe. Mke akainamisha kichwa, akanywa chai yenye mvua, akangoja. Hakusikia jina.

Ndipo kipaza sauti kikakohoa, na sauti ya dada mtangazaji ikatanda bustani nzima, kwenye kila nguzo, mpaka chooni. Anatafutwa mama mmoja na mume wake. Mama huyo anaitwa... Hapo pakawa kimya, na ikasikika sauti ya mwanamume ikinong'ona, sema Nanii tu, atajijua. Dada akauliza Nanii ndiyo jina? Ikajibu, wewe sema. Basi dada akasema: anaitwa Nanii. Ni mfupi, mnene kiasi, ana tabia ya kununa. Amevaa koti la manjano, na ndani ya koti gauni la kijani lenye maua.

Mke alivumilia Nanii. Alivumilia ufupi, maana ni kweli. Akavumilia na mnene kiasi, ingawa neno "kiasi" lilimkaa kooni pamoja na keki. Lakini maua! Lile gauni alilishona kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya safari hii, na wiki nzima mume alikuwa analiona juu ya cherehani akilipita kwenda kula. Halikuwa na ua hata moja. Yalikuwa majani. Akasimama.

Aliposimama yeye, banda zima la chai likasimama. Kumbe kila koti lilikuwa na Nanii ndani yake. Walitoka Nanii warefu na wafupi, Nanii wenye watoto mgongoni, Nanii mmoja bibi kizee mwenye mkongojo, aliyesema mume wake alishafariki lakini ataenda kusikiliza anataka nini. Wakaandamana kwenye mvua kuelekea chumba cha watu waliopotea, kila mmoja amejiandalia maneno. Walipokuwa mlangoni, sungura naye akafika. Akakivua kichwa, akakibana kwapani, na ndani yake akatoka mama wa makamo mwenye uso wa jasho, akasema kwamba mume wake ni fundi wa lile gurudumu, na kwamba hata yeye ni Nanii, na anaomba asipitwe.

Dada mtangazaji alipofungua mlango akaona manjano mpaka upeo wa macho. Alimwambia Wembe achague wake. Wembe akachungulia kofia baada ya kofia mpaka akafikia ile yenye midomo iliyobanwa kama bado ina pini, akasema huyu. Dada akamvuta mke ndani, akawakalisha kwenye benchi la watoto, akatoka kwenda kuwaeleza wale wengine kwamba wapo salama, hawajapotea.

Na hapo ndipo tulipowakuta.

Mke aliufungua mkoba, akatoa kile kiganja cha mifupa, akakilaza mezani mbele ya kipaza sauti.

"Wewe ulipewa mkono wenye nyama," akasema. "Mimi niliopata ni huu."

Wembe alitaka kucheka, akaona si pahala pake. Akajitetea kwamba aliita, na ameitika mtu, sasa kosa lake liko wapi. Mke akasema kosa liko kwenye kuita. Ungeita jina langu, ningeitika mimi. Kwani hao wengine wote walikuwa na jina langu? Wembe akasema anajua mkewe ana jina, na mkewe mwenyewe anajua analo, sasa mtu na mkewe kuna haja gani ya kutajana kama wako mahakamani. Mke akamwuliza: mbwa wa jirani anaitwa nani? Wembe, kwa mazoea ya kazi, akajibu papo hapo: Mheshimiwa. Na yule aliyemtangulia? Diwani.

"Mbwa aliyekufa unamkumbuka jina," mke akasema. "Mimi mzima."

Huko nje kikasikika kicheko kikubwa, kimepokelewa toka nguzo hadi nguzo. Wembe akasema bila shaka watu wamewaona wale bata. Mke naye aliona sauti yake inamrudia kwa nje, nene kuliko ilivyotoka, akadhani ni mwangwi wa bati.

Wembe akajaribu kushambulia. Akasema hata wewe huniiti jina, unaniita mzee, mimi nimewahi kuomba tangazo? Hapo alijichongea. Mke akamkumbusha mwaka ule alipougua homa akawa anaongea na ukuta. Hospitalini muuguzi aliuliza jina la mgonjwa, na yeye mke akayataja yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, akaongeza na Wembe, asije akachanganywa na mgonjwa mwingine akapewa sindano isiyo yake. Na nilipougua mimi, akasema, uliulizwa jina la mgonjwa. Ulijibu nini?

Wembe akauokota ule mkono wa mifupa mezani.

"Ulijibu, mgonjwa ni huyu."

Nje pakawa na mguno wa wanawake wengi kwa pamoja, kama upepo unapita kwenye migomba. Halafu kukawa kimya, hata zile kelele za foleni zikaisha. Wembe akasema afadhali, wameondoka. Mvua pia ilikuwa inapungua juu ya bati.

Mke akavua kofia ya koti. Akasema hakuja kugombana kwa ajili ya yule mama mrefu, maskini ya Mungu, yule naye alishika alichopewa. Akasema dada yake alipokuwa hai alikuwa anampigia simu kila jioni, na kabla ya salamu anaita jina. Sasa simu ikilia ni mtu anauliza suruali yake.

"Siku nikipotea kweli, nani atajua aniite vipi?" akasema. "Nitakaa huko nilipo nikisikia Nanii, Nanii, na nitasema si mimi, wanamtafuta mwingine."

Wembe, ambaye hajawahi kukosa neno tangu meno ya utoto, alikaa magoti kidevuni akiukunja na kuukunjua ule mkono wa mifupa, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba si heshima.

"Nini si heshima?"

"Sababu. Nilikwambia ni heshima ya mama. Haikuwa heshima. Ilikuwa aibu."

Mke akamgeukia.

"Unakumbuka ile nyumba ya kwanza, yenye bafu la mlango wa bati. Ndoa ilikuwa bado mbichi. Nilirudi kazini mapema, nikasikia maji bafuni. Nikajua ni wewe. Nikasimama mlangoni, nikakuita jina lako lote, taratibu, kwa ile sauti..."

"Sauti gani?"

"Ile ya wakati ule. Nikasema fungua mpenzi, nije nikusugue mgongo, na nikiteleza nisiishie mgongoni usinilaumu."

"Eh. Mimi sikumbuki."

"Huwezi kukumbuka, ulikuwa sokoni." Wembe akajifunika uso kwa kiganja cha mifupa. "Mama akanijibu. Akasema, mwanangu, mgongo nimeshamaliza."

Mke alimtazama. Kitu kikaanza kumtikisa toka tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, benchi la watoto likalia chini yake. Na nje, ungedhani radi imeanguka; bustani nzima ilipasuka kwa kicheko, mtoto mmoja akawa anauliza mama, mama, kwa nini asisuguliwe. Wala hawakusikia, kwa sababu mke alikuwa anacheka kuliko wote. Alipoweza kupumua akasema:

"Ndiyo maana mama alikuwa anaimba bafuni."

"Ndiyo maana."

"Mpaka anakufa. Akishika ndoo tu, anaanza kuimba. Mimi nikadhani ni uchaji."

"Alikuwa ananijulisha yuko nani ndani. Na mimi kila nikitaka kulitamka lile jina, namsikia anajibu."

Mke akajifuta macho kwa pindo la koti, lile lenye mshono wa aibu. Kicheko kikamwisha polepole kama maji ya kwenye bati mvua ikikatika. Akasogea kwenye benchi mpaka bega likagusa bega, akauondoa mkono wa mifupa usoni kwa mumewe, akauweka kando, akauchukua ule mwingine, wa kulia, wenye joto la watu.

"Mama yako hayupo," akamwambia. "Bafuni siku hizi niko peke yangu."

Wembe akahakikisha wako peke yao. Alitazama mlango, umefungwa. Akawatazama samaki wa ukutani, hao hawasimulii. Akaegemea meza kwa kiwiko, akainama karibu na sikio la mkewe, na jina likaanza kutoka. Lilitoka na kutu, kama mkasi uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Likakwama katikati, akalisukuma, likatoka lote mpaka ile herufi ya mwisho ambayo wazazi wake waliiacha wazi makusudi ili mtoto asikie akiwa mbali. Lilikuwa dogo, la kunong'onwa, lakini lilikuwa lenyewe.

Mke alilisikia. Alilisikia kwenye masikio, kwenye magoti, na mpaka kwenye kidole kidogo cha mguu kilichokuwa kimelowa tangu asubuhi. Lakini mtu aliyengoja jambo tangu nywele zake nyeusi hawezi kulipokea mara moja tu akasema asante. Akageuza uso upande wa ukuta, akaikaza midomo isimsaliti.

"Sijasikia," akasema.

Mlango ukafunguliwa. Mvua ilikuwa imekatika. Kizingitini alisimama sungura, kichwa kwapani, sikio linachuruzika maji sakafuni, na nyuma yake makoti ya manjano yamejipanga mpaka kwenye gurudumu, hakuna anayekohoa.

"Hata sisi huku nje hatujasikia, baba," sungura akasema. "Hebu sogea karibu na kipaza sauti."